Fundi Akisema "Tupige Windows Mpya", Mwulize Kwanza

Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.



Yapo maneno matatu ambayo mafundi wetu wa kompyuta huyatamka kwa wepesi ule ule ambao kondakta wa daladala husema "sogeeni nyuma huko". Maneno yenyewe ni haya: "Tupige Windows mpya." Kompyuta ikiwa nzito, tupige Windows mpya. Ikiingiwa na virusi, tupige Windows mpya. Hata kompyuta iliyomwagikiwa chai nimewahi kumsikia fundi mmoja akiiandikia dawa hiyo hiyo.

Sisemi kwamba dawa hiyo ni mbaya. Mara nyingi inaponya. Lakini dawa kali apewe mgonjwa anayeihitaji, na apewe baada ya kuulizwa ana mzio wa nini. Mimi mwenyewe nilikaribia kuinywa bila kuuliza, na waliokaribia kuumia si mimi peke yangu. Ni watu 73.

Nieleze. Hapa mtaani kwetu Dar es Salaam tunacho kikundi cha kufa na kuzikana. Kila mwanachama hutoa mchango wake wa mwezi, na msiba ukimfika, kikundi hugharamia sanda au jeneza, chakula na usafiri. Kwa miaka mingi hesabu zilikuwa katika daftari kubwa la mama mhazini. Mwaka 2022 binti yangu alininunulia kompyuta ndogo ya kubeba, zile tunazoziita laptopu, nami kwa kuwa ndiye katibu, nikasimama kikaoni nikawaambia wenzangu kwamba daftari limepitwa na wakati. Mama mhazini alininyamazia tu. Basi tangu siku hiyo majina yote, michango yote na madeni yote yakawa ndani ya laptopu yangu, na humo tu.

Jumanne moja usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Betri ya laptopu yangu ilikwishachoka, kwa hiyo nayo ilizimika na kuwaka pamoja na umeme. Asubuhi yake ilikataa kufika mwisho. Vidoti vilizunguka kwenye kioo, vikazunguka, kisha ikajizima na kuanza upya. Siku hiyo hiyo mchana nikapata habari kwamba mwanachama mwenzetu mmoja amefiwa na mama yake mzazi, na mazishi ni Jumamosi. Kanuni yetu inasema fedha hutolewa baada ya katibu kuonyesha hesabu. Hesabu ziko wapi? Ziko ndani ya sanduku lisilofunguka.

Nikaibeba hadi kwa fundi. Akaiwasha, akaitazama kama dakika mbili, akasema: "Mzee, hii tunapiga Windows mpya tu. Nusu saa unaondoka nayo." Nikamwuliza, "Na mafaili yangu?" Akajibu, "Si yako kwenye D?" Nilikuwa sijui D ni nini. Nilimshukuru, nikaichukua laptopu yangu, nikarudi nyumbani. Hadi leo namshukuru Mungu kwa ule ujinga wangu, maana ulinitia hofu.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tuelewane kwanza juu ya vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kipo kitu kinachoitwa mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia programu nyingine zote. Windows ni mfumo endeshi mmojawapo. Na zipo kazi zako wewe mwenyewe: barua, hesabu, picha za harusi. Mfumo endeshi unapatikana tena, na bila malipo ya ziada kama kompyuta yako ilikuja na Windows halali. Kazi zako hazipatikani tena popote. Na vitu hivi viwili hukaa katika diski moja. Mafundi wengi huigawa diski hiyo vyumba viwili, kimoja cha Windows huitwa C, na kingine cha mali ya mwenyewe huitwa D. Fundi aliponiuliza juu ya D alikuwa na maana hiyo. Lakini laptopu nyingi zinazotoka kiwandani hazina D. Kila kitu kiko C. Ukifuta C umefuta mpaka picha ya marehemu bibi.

Kwa hiyo swali la kwanza si "tunaiwekaje Windows mpya?" Swali la kwanza ni "je, ugonjwa ni Windows kweli?" Kompyuta inayoganda, kuzimika yenyewe au kutoa kioo cha bluu inaweza kuwa na diski inayokufa, au kumbukumbu ya muda, ile wanayoiita ramu, iliyolegea au kuharibika. Kama diski inatoa mlio wa kugonga-gonga, au kama kompyuta yenyewe inasema haioni diski yoyote, Windows mpya haitasaidia kitu. Ni sawa na kupaka rangi nyumba yenye msingi uliopasuka. Tena kila dakika unayoendelea kuiwasha diski ya namna hiyo, unapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo.

Swali la pili: je, hakuna tiba nyepesi? Ipo. Ndani ya Windows yenyewe, ile ya 10 na ile ya 11, mna sehemu ya matengenezo inayojitokeza kompyuta ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo. Humo unaweza kuiambia ijitengeneze, au irudi katika hali iliyokuwa nayo siku chache nyuma. Na ipo njia ya kuiweka Windows upya huku ukiiambia ihifadhi mafaili yako. Ukichagua hiyo, programu ulizoongeza hufutwa, lakini mafaili yako hubaki. Fundi mwenye haraka hakwambii habari hii, kwa sababu kufuta kila kitu ni rahisi zaidi kwake.

Nyumbani nilimwita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo. Alipoingia katika ile sehemu ya matengenezo, likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Kioo kikawa cha bluu, kikadai ufunguo wa tarakimu 48.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, diski yako imefungwa na BitLocker. Uliifunga lini?" Nikamwambia sikumbuki kufunga kitu. Na kweli sikufunga. Laptopu nyingi za miaka hii hujifunga zenyewe. Mtu anapoifungua mara ya kwanza na kujiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, Windows huigeuza diski nzima kuwa maandishi ya fumbo, na ufunguo wa fumbo hilo huwekwa katika akaunti hiyo. Siku za kawaida kompyuta hujifungulia yenyewe na wewe hujui lolote. Lakini ikihisi kwamba mambo yamebadilika, kwa mfano ukibadili mipangilio ya ndani, ukitaka kuitengeneza, au ukiitoa diski na kuipeleka kwingine, hudai ufunguo. Kusudi ni jema: mwizi akiiba laptopu asisome siri zako. Lakini asiye na ufunguo hatofautishwi na mwizi, hata kama ni mwenye mali.

Usiku wa saa nne nilipiga simu Mwanza kwa binti yangu. Aliitikia kwa usingizi: "Shikamoo baba, kuna nini?" Mtoto akipigiwa simu na mzazi usiku huwaza msiba. Nikamwuliza kama ndiye aliyeifungua ile laptopu mara ya kwanza, kabla ya kunitumia. Akasema ndiyo, alitumia barua pepe yake ili aijaribu. Tukamwambia aingie katika akaunti yake kwa simu yake ya mkononi, atafute orodha ya vifaa vyake. Ukawa kimya kirefu. Kisha akasema, "Baba, nimeuona. Andika." Akanisomea makundi manane ya tarakimu sita sita, nami nikaandika katika daftari la shule la mjukuu wangu, kisha nikamsomea yeye tena kutoka mwanzo. Mpwa wangu aliziingiza. Kioo kikafunguka.

Naomba msikilizaji ulichukue hili kabla ya mengine yote. Kama laptopu yako bado inawaka, tafuta leo kama imefungwa na BitLocker, na kama imefungwa, uandike ufunguo wake kwenye karatasi na kuiweka pale unapoweka hati ya kiwanja. Ukiinunua kwa mtu, au ukipewa na ndugu, mwulize aliifungua kwa akaunti gani. Ufunguo ukikosekana, hakuna fundi wa mtaani wala wa kiwandani atakayeifungua.

Baada ya hapo tuliokoa mali. Mpwa wangu aliifungua laptopu kwa bisibisi ndogo, akatoa diski, kipande chembamba kisichozidi urefu wa kidole, akakitia katika kikasha chenye waya wa USB alichoazima kwa rafiki yake, akakichomeka katika kompyuta yake mwenyewe. Ikadai ufunguo tena, tukautoa tena. Faili la kikundi lilinakiliwa katika muda mfupi kuliko huu niliotumia kulisimulia. Zipo njia nyingine pia. Unaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo endeshi wa bure kama Ubuntu, ambao huendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski, ukanakili mafaili kwa utulivu. Njia yoyote ni sawa, mradi hatua hii itangulie. Asiyeokoa mali kwanza asiendelee na hatua inayofuata.

Ndipo tukaanza kuiweka Windows upya. Hapo nilijifunza kwamba ile nusu saa ya fundi ni ya siku ambayo hakuna kinachokwenda upande. Nitayataja matatizo kwa mpangilio wake, na dawa ya kila moja, ili nawe yakikukuta usidhani umelogwa.

Tatizo la kwanza ni flashi. Inatakiwa flashi ya ukubwa wa angalau GB 8, na kila kilichomo kitafutwa, kwa hiyo usitumie ile yenye kwaya ya kanisani. Windows ipakuliwe kutoka katika ukurasa wa Microsoft wenyewe, ambao hutoa programu ndogo ya kuitengeneza flashi hiyo. Kunakili tu faili ulilopewa na rafiki hakutoshi. Wapo pia wanaotengeneza flashi kwa kutumia mpangilio wa zamani uitwao FAT32, nao hukwama kwa sababu mpangilio huo haupokei faili moja linalozidi GB 4, na faili kuu la Windows ya siku hizi mara nyingi hupita hapo. Na uwekaji ukikwama katikati kwa kusema faili limeharibika, kwa mfano ukiona namba 0x80070570, usikimbilie kulaumu kompyuta. Badili flashi, badili tundu la USB, tengeneza upya. Kila namba inayotokea kwenye kioo ipige picha kwa simu kabla haijapotea. Hiyo ndiyo cheti cha daktari.

Tatizo la pili: umechomeka flashi, lakini kompyuta haiitazami, inakwenda moja kwa moja kwenye Windows ile ile mbovu. Hapo ni lazima uiambie ianzie wapi. Mara tu unapobonyeza kitufe cha kuwashia, gonga-gonga kitufe cha kuchagulia. Kwa Dell na Lenovo kwa kawaida ni F12. Kwa HP ni Esc halafu F9. Itatoka orodha, nawe uchague flashi. Kama flashi inaonekana mara mbili katika orodha, moja ikiwa na herufi UEFI mbele yake, chagua hiyo yenye UEFI. Ukichagua ile nyingine, mbele ya safari utaambiwa kwamba Windows haiwezi kuwekwa katika diski hii kwa sababu imepangwa kwa mtindo wa GPT. Watu wengi wakisomewa hukumu hiyo hufuta diski nzima. Hakuna haja. Zima, washa tena, chagua mlango ulio sahihi.

Tatizo la tatu lilitutoa jasho sisi wenyewe. Tulifika mahali pa kuchagua diski, tukakuta orodha ni tupu. Hakuna diski! Nikadhani tumeiharibu wakati wa kuitoa. Mpwa wangu akacheka. Kompyuta nyingi zenye kichwa cha Intel cha kizazi cha 11 na kuendelea huiweka diski nyuma ya msimamizi aitwaye VMD, na flashi ya Windows huenda isimfahamu msimamizi huyo. Inahitaji draiva, yaani kile kiprogramu kinachoifundisha Windows jinsi ya kusema na kifaa fulani. Draiva hiyo hupatikana katika ukurasa wa kampuni iliyotengeneza laptopu yako, ukitafuta kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya tumbo lake. Unaifungua, unaiweka katika folda ndani ya flashi, kisha pale penye orodha tupu unabonyeza kitufe cha kupakia draiva na kuionyesha folda hiyo. Angalizo moja: lazima iwe imefunguliwa, yaani ndani ya folda uyaone mafaili yenye mkia wa "inf". Ikiwa bado imefungwa katika faili moja lenye mkia wa "exe", Windows haitaiona. Tulipofanya hivyo, diski ikajitokeza kama mtu aliyekuwa chumba cha pili akisikiliza.

Tatizo la nne ndilo hatari kuliko yote, nalo halitoi onyo la maana. Ni kuchagua chumba kisicho chake. Kwenye orodha hiyo diski huonekana kwa namba, siyo kwa majina uliyoyazoea. C na D hazimo. Mtu mwenye diski mbili hufuta ile ya picha akidhani ni ya Windows. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya kuanza, chomoa diski yoyote ya nje, na kama ni kompyuta ya mezani yenye diski mbili, chomoa waya wa ile usiyotaka iguswe. Kisichokuwepo hakifutiki. Na kama umechagua chumba cha zamani bila kukifuta, Windows huyakusanya mafaili ya zamani katika folda iitwayo Windows.old. Usiitegemee kwa muda mrefu, maana baada ya siku kama 10 huweza kufutwa yenyewe.

Tatizo la tano huchekesha likimpata jirani. Uwekaji unakwenda vizuri, kompyuta inajizima na kujiwasha kama inavyotakiwa, halafu inakurudisha mwanzo kabisa kukuuliza lugha. Unaanza tena, inakurudisha tena. Wengine hukesha. Sababu ni kwamba flashi bado imechomekwa na kompyuta bado inaanzia huko. Inapojizima mara ya kwanza baada ya kunakili mafaili, ichomoe flashi, iache ianzie kwenye diski.

Tatizo la sita: Windows imeingia, sasa inataka intaneti ili iendelee, lakini haioni mtandao wowote wa Wi-Fi. Windows 11 ya nyumbani hudai intaneti na akaunti wakati wa kuiandaa, na hapo hapo haina draiva ya kifaa cha Wi-Fi. Ni kama kumwambia mtu avuke mto ili akachukue mtumbwi. Sisi tulichukua simu ya mkononi, tukaiunganisha kwa waya wake wa chaji, tukawasha ile sehemu ya simu ya kugawa intaneti kwa njia ya USB. Kompyuta ikapata njia, ikateremsha draiva zake nyingine yenyewe.

Yapo na madogo ambayo nitayapitia haraka. Ukiambiwa kompyuta haifai kwa Windows 11, angalia kwanza kama kile kilinzi kiitwacho TPM kimezimwa tu katika mipangilio ya ndani, maana mara nyingine kipo lakini kimelala. Kama kweli kompyuta ni ya zamani, usikate tamaa. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza, lakini mifumo ya bure kama Linux Mint na Ubuntu hukubali kukaa katika kompyuta ambazo Windows 11 inazikataa. Kama saa na tarehe hurudi nyuma kila unapozima, betri ndogo ya duara iliyo ndani, aghalabu CR2032, imekwisha, na kwa sababu tarehe si sahihi kurasa za intaneti zitakukatalia na Windows huenda ikashindwa kujithibitisha. Ukidaiwa namba ya leseni, kumbuka kwamba kompyuta nyingi zilizokuja na Windows tangu kiwandani zimebeba leseni yao ndani ya bodi kuu. Mara nyingi kosa ni kuweka aina nyingine, ya Pro mahali pa Home. Na usikubali programu ya kuvunja kufuli la leseni. Mtu anayekupa ufunguo bandia wa nyumba yako huenda amebaki na nakala.

Juu ya umeme niseme neno moja. Ukikatika wakati Windows inanakiliwa, na mali yako umekwisha iokoa, hasara ni muda tu: utaanza upya. Lakini kamwe usiruhusu fundi abadilishe programu ya ndani ya bodi kuu, ile wanayoiita bayosi, wakati umeme si wa kuaminika. Hiyo ikikatika katikati, kompyuta huweza isiwake tena.

Tulimaliza saa kumi ya usiku. Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda kwa mama mhazini nikiwa nimechapisha orodha nzima kwenye karatasi. Aliipokea, akaisoma jina kwa jina, kidole kikishuka taratibu. Alipofika mwisho aliinuka, akaingia ndani, akatoka na daftari. Kumbe kwa muda wote huo, kila mwisho wa mwezi, alikuwa akiwapigia simu wanachama mmoja mmoja na kuandika. Tukalinganisha. Zilitofautiana mahali pawili, na pote pawili aliyekosea ni mimi.

Mazishi yalifanyika Jumamosi, na mwenzetu alisitiriwa mama yake kwa heshima. Katika kikao kilichofuata niliwaeleza wanachama yaliyotokea bila kuficha, nikapendekeza kanuni mpya, nao wakaipitisha. Hesabu zikae mahali patatu: ndani ya kompyuta, ndani ya diski ya nje isiyolala katika nyumba yangu, na katika daftari la mama mhazini. Ufunguo wa tarakimu 48 uko ndani ya bahasha, ndani ya sanduku lake la chuma.

Basi, ndugu msikilizaji, siku fundi atakapokuambia "tupige Windows mpya", usimkatalie, huenda ana haki. Mwulize maswali manne tu. Umejuaje kwamba diski ni nzima? Mafaili yangu yamenakiliwa wapi, na naweza kuyaona sasa hivi kwa macho yangu? Ufunguo wa BitLocker tunao? Na draiva umeziandaa? Fundi mwema atakujibu yote manne na hatakasirika. Atakayekasirika, chukua kompyuta yako kama nilivyochukua yangu, umwage kwa adabu, uondoke. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hana kazi nyingine ila kukuuliza picha za bibi ziko wapi.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo, wakati kama huu.